Chombo Hakijui Njia

Ipo kauli iliyokwisha kuwa kama methali katika mabaraza ya wapenda mbio za magari, nayo ni hii: siku hizi linaloshinda ni gari, na dereva ni abiria aliyepewa usukani. Husemwa kwa sauti ya mtu aliyeerevuka, anayewahurumia wale ambao bado wanawashangilia wanaadamu. Kauli hii inastahili kupingwa, wala si kwa ajili ya mapenzi ya michezo peke yake. Ndani yake mna hukumu juu ya mtu na zana yake. Na hukumu hiyo ikiachwa ipite kimya katika mbio za magari, haitachelewa kubisha hodi katika uvuvi, katika useremala, na hata katika ushairi.

Haki itangulie. Wanaoitetea kauli hiyo hawasemi ovyo. Mwaka 2008 Mwingereza Jenson Button alimaliza msimu mzima wa Formula One akiwa na pointi tatu tu. Mwaka 2009, mtu yule yule, kwa mikono ile ile, alipewa gari jipya la Brawn, akashinda mbio sita katika saba za mwanzo na kuvishwa taji la dunia. Nyumbani Afrika Mashariki ushahidi ni huo huo. Katika Safari Rally ya 1993 magari manne ya kwanza yote yalikuwa Toyota. Mwaka 2022 yakawa Toyota tena, na mwaka 2023 vile vile. Mwenye kuyatazama matokeo hayo akasema kwamba gari si kitu, huyo naye amejifumba macho.

Lakini ushahidi huo na usomwe hadi mwisho. Magari manne ya kwanza ya 2023 yalikuwa ya kiwanda kimoja, yametengenezwa na mafundi wamoja. Basi ni kitu gani kilichomweka Sébastien Ogier wa kwanza na Takamoto Katsuta wa nne? Gari linaweza kueleza kwa nini wa kiwanda kingine hawakuingia katika nne bora. Haliwezi kueleza ni nani katika wale wanne atakayetangulia. Pale zana zinapolingana ndipo mtu anapoonekana, kama vile kimo cha mtu kinavyoonekana wote wanaposimama juu ya sakafu moja. Anayesema “gari ndilo linaloshinda” ametaja sakafu, akadhani ametaja kimo.

Wapenzi wa ushairi wana mfano wa karibu zaidi. Mizani nane kwa nane, na vina vyake vya kati na vya mwisho, vilikuwa mali ya kila mtu wa Mombasa katika zama za Muyaka bin Haji. Hakuna aliyevinunua, hakuna aliyenyimwa. Chombo kilikuwa kimoja, na kilikuwa madhubuti, kimechongwa na vizazi vya watu. Mbona basi waliotunga wakawa wengi, na Muyaka akawa mmoja? Hakuna mhakiki anayethubutu kusema kwamba zilizoshinda ni mizani. Lakini akihama kutoka kwenye beti kwenda kwenye magurudumu, mhakiki huyo huyo husahau alichokuwa akikijua asubuhi.

Safari Rally yenyewe ndiyo shahidi mkubwa katika kesi hii. Ilianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa masafa yaliyofikia takriban kilomita 5,000, katika barabara zile zile za wasafiri, mabasi na ng’ombe. Wazungu wa Ulaya walikuja na magari ya viwanda na sifa za ubingwa. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna hata mmoja wao aliyeshinda. Ilibidi kungojwe mwaka 1972 ndipo Hannu Mikkola wa Finland alipolivunja zindiko hilo akiwa na Ford Escort. Karibu miaka 20 wakaazi wa nchi hizi waliwashinda wageni wenye zana bora. Mcheza kwao hutunzwa. Nao walitunzwa kwa sababu walikijua kiwanja.

Na walishinda kwa magari gani? Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi aliyekulia katika gereji ya baba yake, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 mkaazi wa Tanzania, Bert Shankland, alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404, gari la familia lililokuwa likionekana katika kila mji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yalianza safari, yakamaliza saba tu; mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na mwelekezi wake Paddy Cliff. Matope hayakuwa yamewachagua kwa kubahatisha.

Mwaka 1974 Joginder alirudi na Mitsubishi Lancer, kigari cha injini ya lita 1.6, akamtangulia Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911. Porsche ilikuwa gari la mbio zaidi kwa kipimo chochote cha karatasini. Lakini Safari haikuendeshwa karatasini. Joginder alijua, kwa kuwa alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, ni wakati gani gari linaomba na ni wakati gani linalia. Ujuzi huo haumo katika injini. Umo katika sikio.

Hapa mpinzani ataleta hoja yake nzuri kuliko zote, nayo haifai kukwepwa. Atasema: yatazameni magari yaliyoshindwa. Lancia Stratos iliipa Lancia ubingwa wa dunia wa viwanda mwaka 1974, 1975 na 1976, na kamwe haikushinda Safari. Peugeot 205 Turbo 16 ilitwaa ubingwa wa 1985 na 1986, nayo Safari ikaikosa. Miaka hiyo ya 1984, 1985 na 1986 zilishinda Toyota Celica, magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, wakati dunia nzima ilikwisha kuhamia magurudumu manne. Je, si ushahidi kwamba kilichoshinda ni uhandisi uliolingana na barabara?

Ni kweli, na hoja hiyo inamrudia aliyeileta. Uhandisi huo uliojua barabara, uliijulia wapi? Chuma hakizaliwi na habari za bonde la ufa. Kuna mtu aliyeivunja springi, akarudi akaeleza ilivunjikia wapi na kwa nini. Kuna aliyesema kwamba shokomzoba hii itakufa kabla ya usiku wa pili, na kwamba bati la chini ya injini liongezwe unene. Fundi wa kiwandani alisikiliza, akachora, akaunda. Gari imara ni ushuhuda wa madereva uliogandishwa katika chuma. Kulisifu gari na kumsahau dereva ni kulisifu jahazi kwa kuijua Kusi na Kaskazi, ilhali waliozijua pepo hizo ni mabaharia waliomwelekeza mwunzi wapi aipinde mbao.

Msomaji wa mwambao na ayaelekeze mawazo yake mbali na bahari, hadi Kanoni, katika vilima vya Karagwe, mkoani Kagera. Kanoni haimo katika ramani ya mbio za dunia. Ni upande wa migomba na mibuni, wenye misimu miwili ya mvua, na udongo ambao ukinyeshewa huwa kama sabuni. Katika nchi ya namna hiyo dereva wa lori la ndizi au kahawa hapimwi kwa gari alilokabidhiwa. Lori aghalabu ni kuukuu, na tairi zake zimekwisha kuona mengi. Hupimwa kwa kujua ateremke kwa gia ipi kabla mteremko haujaanza, kwa kutoikanyaga breki kwa hofu juu ya utelezi, kwa kuitambua kona iliyoliwa na maji, na kwa kupatana na utingo wake aliyeshika gogo la kuzuia tairi. Malori mawili ya aina moja, yenye mzigo sawa, yakipanda kilima kimoja siku ya mvua, moja laweza kufika sokoni na jingine kulala mtaroni. Mkulima anayengojea fedha za mikungu yake hana haja ya kuelezwa tofauti hiyo imetoka wapi.

Huko ndiko inakodhuru ile kauli ya waerevu. Kijana wa Kanoni, kama alivyo kijana wa Nakuru, wa Jinja au wa Wete, huambiwa kwamba maadamu hana gari la mamilioni, ujuzi wake hauna thamani. Angoje zana kwanza, utu utafuata. Naye akiamini hivyo, hulidharau somo alilopewa bure na kilima cha kwao. Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee. Hawakusema kwamba jembe halina kazi. Walisema kwamba anayeanza kwa kulilaumu jembe hajaanza kulima.

Mwaka 2022 kijana wa Kenya, McRae Kimathi, alishindana Sweden, katika theluji, kwenye daraja la vijana ambalo wote huendesha Ford Fiesta za aina moja. Gari lake halikuwa dhaifu kuliko ya wenzake. Hata hivyo, waliokwisha kuizoea theluji walimwacha mbali. Wako watakaoliona jambo hilo kuwa aibu. Kwa hakika ni hoja. Kama gari ndilo linaloshinda, ilikuwaje magari yaliyo sawa yakaachana kwa masafa yale? Kilichokosekana ni barafu katika utoto wake, kama vile mabingwa wa Ulaya walivyokosa matope kwa miaka karibu 20. Ujuzi una makwao. Zana husafirishwa kwa meli. Ujuzi hukaa na watu, na hauhami ila kwa mafunzo.

Waldegård aliyaelewa hayo. Baada ya kushindwa na Joginder hakuishia kutafuta gari kali zaidi. Alirudi mara kwa mara, akajifunza barabara, akashinda mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990, kwa Ford na kwa Toyota. Colin McRae naye alishinda kwa Subaru mwaka 1997, na mwaka 1999 akaipa Ford Focus ushindi wake wa kwanza kabisa, gari likiwa bado halijatimiza miezi mitatu uwanjani. Mtu alihama, na ushindi ukahama naye.

Basi imekuwaje gari lionekane kumeza kila kitu? Jibu halimo katika injini. Limo katika kanuni. Safari ya zamani ilikuwa na maelfu ya kilomita za barabara zisizofungwa. Kwanza fedha ziliyanunua macho ya wenyeji: helikopta zikaruka mbele ya magari ya viwanda kuwaonya madereva juu ya wanyama na malori. Kisha, mwaka 2021, Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia baada ya kutoka mwaka 2002, masafa ya kushindania yalikuwa takriban kilomita 320, katika njia zilizofungwa, zilizopitiwa na kuandikwa kabla. Mambo mengi ya usalama yalidai mabadiliko hayo, na hakuna mwenye akili atakayedai watu waendelee kufa barabarani kwa ajili ya utamu wa mchezo. Lakini mizani ikibadilishwa, uzito nao husomeka vingine. Mchezo uliopunguza nafasi ya kuijua nchi usije ukatangaza kwamba kuijua nchi hakukuwa na maana. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka 1994. Baada yake hakuna mwenyeji aliyeishinda Safari yenye kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia. Wenyeji hawakuwa wajinga ghafla. Walichokijua kiliondolewa katika mtihani.

Kwa hiyo wanaoupenda mchezo huu na wadai vitu viwili, visivyopingana. Wadai magari, kwa kuwa umaskini wa zana ni dhuluma, na nahodha wa ngalawa iliyotoboka hatamshinda mwenye ngalawa nzima hata akiwa na elimu ya nyota zote. Tena wadai mashindano yanayompima mtu: madaraja ya magari yaliyo sawa, masafa marefu kadiri usalama unavyoruhusu, na gereji za mafunzo ambamo dereva hujifunza kulifungua gari kabla ya kulikimbiza, kama alivyojifunza mtoto wa Kericho. Kudai cha kwanza na kukisahau cha pili ni kununua jahazi na kumwacha nahodha pwani.

Watu wa visiwa hawana sababu ya kusitasita katika mjadala huu. Siku ya mashindano ya mashua, mwunzi hupewa heshima yake kamili, maana chombo kibovu hakina siri mbele ya upepo. Lakini mashua zikishavuka kivuko, hakuna anayeuliza ni mbao gani iliyoliona wimbi likija. Huuliza ni nani aliyeshika usukani.