MAJI YAKIKATA BARABARA, MSHAHARA WA NANI UKATWE?

Ndugu Wanachama,

Sisi tunaoendesha malori kutoka Mombasa kwenda Malindi, Garsen na Lamu twaijua barabara hii kuliko wakubwa wengi wanaoizungumza wakiwa Nairobi. Mwezi wa Novemba 2023 maji yaliikata penye daraja la Mbogolo, katika Kaunti ya Kilifi. Mbele zaidi, penye Lango la Simba, kati ya Garsen na Lamu, mafuriko yaliizamisha barabara ambayo lami yake ni ya juzi tu. Mwezi wa Mei 2024 ikabidi ifungwe tena pale pale.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliokwama. Lori langu lilikuwa na unga na mafuta ya kupikia. Tajiri alinipigia simu mara tatu: "Wenzako wanavuka, wewe waogopa nini?" Nikatazama maji, sikuona ukingo wa barabara uko wapi, nikakataa. Mimi na taniboi wangu tulilala ndani ya lori siku nne, na chakula tulinunua kwa pesa zetu wenyewe. Mwisho wa mwezi nikakuta siku nne zimekatwa katika mshahara wangu. Taniboi, ambaye ni kibarua wa siku, hakupata hata senti moja.

Watu husema, "Hiyo ni kazi ya Mungu." Naam, mvua ni ya Mungu, lakini kalvati ni la binadamu. Mafuriko makubwa tuliyaona mwaka 1961 na tena 1997. Lakini sasa hewa na bahari vimezidi joto, na kila digrii moja ya joto ikiongezeka, hewa huweza kubeba maji zaidi kwa sehemu 7 hivi katika 100. Wataalamu waliozichunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 walisema kwamba joto hili huenda lilizifanya kuwa nzito hata mara mbili. Basi kalvati lililopimwa kwa mvua za babu zetu litapitishaje mvua za leo? Maji yasipopata njia chini ya barabara hupita juu yake, yakachimba ukingo upande wa pili, mwishowe lami huanguka. Kila mnyapara wa barabara alijua jambo hili.

Tutaambiwa hakuna pesa. Lakini Julai 2024 kodi ya kutengeneza barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta. Kila abiria wa matatu ameilipa, na kila mama anayenunua unga ameilipa. Nao wazee wetu wanakumbuka zamani vibarua walivyokaa kambini kando ya njia, wakizibua mitaro kabla ya masika na kabla ya vuli. Siku hizi mtaro hujaa mchanga na magugu mpaka barabara ivunjike, ndipo kontrakta aitwe kwa bei kubwa. Je, huko ndiko kubana matumizi?

Hatusemi barabara yote iinuliwe, maana nchi ina haja nyingine pia, za hospitali na shule. Twasema waanze na mahali panapojulikana, kama Mbogolo na Lango la Simba. Tena kipande cha Mombasa hadi Kilifi kimekuwa kikipanuliwa kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Deni hilo watoto wetu watalilipa, basi madaraja yake yapimwe kwa mvua watakazoziona wao.

Kwa hiyo naomba chama chetu kidai mambo matatu:

Kwanza, kila kipande cha barabara kiwe na vibarua wa kudumu wenye mshahara wa mwezi, watoke katika vijiji vya hapo hapo, na kazi yao iwe mitaro na makalvati.

Pili, kalvati likibomoka lisirudishwe lile lile dogo. Liwekwe kubwa zaidi.

Tatu, barabara ikifungwa kwa mafuriko, dereva na taniboi walipwe siku zao na posho ya chakula. Jambo hili liandikwe katika mapatano yetu na matajiri. Asiwepo wa kutuambia, "Vuka." Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi mahali penye hatari kubwa inayoendelea. Lakini dereva mmoja akikataa huitwa mwoga, akafukuzwa. Tukikataa sote, tajiri atamfukuza nani?

Ndugu zangu, mvua hazingojei mikutano. Tuje kwa wingi katika mkutano wa tawi, jambo hili lipigiwe kura.

Wenu katika umoja,
Dereva wa Lori, Mombasa