Likasi: Sauti inapokauka, shida ni koo ao ni mapafu?

Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, vumbi halitulii Likasi. Malori ya shaba na kobalti yanapita barabara ya taifa kati ya Kolwezi na Lubumbashi, na wachimbaji wa mikono wanaponda mawe bila kufunika pua. Kwa hiyo mtu akikauka sauti, jibu liko tayari: ni vumbi, kunywa maziwa, itapita. Mara nyingi inapita kweli. Shida ni kwa yule ambaye sauti yake hairudi.

Kwa wataalamu wa sauti na usemi, wanaojulikana Kongo kama waortofonisti, sauti haitengani na pumzi. Mapafu yanasukuma hewa, na nyuzi mbili ndogo ndani ya koo zinatetemeka na kuigeuza kuwa sauti. Kazi ya kwanza ni kujua ni upande gani umeharibika. Wataalamu hao ni wachache sana nchini, lakini hatua yao ya kwanza inaweza kufanywa na muuguzi yeyote mwenye saa inayoonyesha sekunde.

Mgonjwa anavuta pumzi kubwa, kisha anatamka "aaa" bila kukatiza hadi hewa imuishie. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida anafika sekunde 15 ao zaidi. Wanaume wengi wanapita 20. Chini ya 10 ni alama ya kufuatilia. Baadaye anavuta "sss" kwa pumzi moja, na "zzz" kwa pumzi nyingine. Katika "sss" ni hewa tu inayotoka. Katika "zzz" nyuzi za koo zinafanya kazi. Zote mbili zikiwa fupi na karibu sawa, macho yageukie mapafu. "Sss" ikifika sekunde 18 na "zzz" ikikatika kwa 10, huenda shida iko kwenye nyuzi zenyewe. Kipimo hiki hakitaji ugonjwa. Kinaonyesha tu mlango wa kugonga. Koo lazima daktari aliangalie kwa kioo ao kamera. Mapafu yanahitaji picha, makohozi, na mashine ya kupuliza.

Kuchelewa kugonga mlango huo kunaweza kugharimu sana Likasi. Vumbi la mawe yenye silika linaacha makovu ndani ya mapafu, na mapafu ya namna hiyo yanashikwa upesi na kifua kikuu, ambacho mara nyingine kinapanda hadi kooni na kukausha sauti. Dawa zake ni za bure. Kisha kuna asidi. Viwanda vya Shituru vinasafisha shaba tangu 1929, na kazi hiyo haifanyiki bila asidi ya sulfuriki. Mwaka 1992 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka ukungu wa asidi hiyo kazini kati ya visababishi vya saratani. Sehemu ya koo inayobeba nyuzi za sauti ndiyo inayotajwa. Si kusema kila mfanyakazi ataugua. Na mwalimu anayepaza sauti mbele ya darasa lililojaa anaweza kukauka bila kugusa vumbi la mgodi hata kidogo. Lakini sauti iliyokauka wiki 3 ao 4 haifai kungojea maziwa.

Kuna pia jambo la karatasi. Mwenye mkataba anaweza kudai haki ya ugonjwa wa kazi kwa CNSS, mradi aonyeshe kwamba aliupata kazini. Aliyeingia kazini na sekunde 22 na kutoka na 9 ana cha kuonyesha, ikiwa ile 22 iliandikwa siku ya uchunguzi wa kuajiriwa. Mchimbaji wa mikono hana mwajiri wala faili. Wake utaandikwa kwenye kituo cha afya ao hautaandikwa.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inapeleka 15% ya mirabaha kwa miji na sekta ambako madini yanachimbwa, na kutaka kampuni zitoe 0.3% ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Pesa hizo huonekana zaidi kwenye barabara na majengo, vitu vinavyopigwa picha vizuri. Kamera ya koo haipigwi picha, lakini bei yake ni ndogo mbele ya kilomita moja ya lami.

Kwa vituo vitakavyotaka kuanza na saa tu, wakati mzuri wa kipimo cha kwanza ni mvua ikiwa bado inanyesha, ili kile cha kiangazi kipate cha kulinganishwa nacho.