Liuli, Kinjeketile na Filamu Tusizozitengeneza

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliingia ghuba ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaishambulia Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimetangazwa. Yalikuwa miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza, na yalipiganwa kwenye ufuko ambao leo ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga.

Mapigano ya meli katika maziwa yetu, hasa yale ya Ziwa Tanganyika, ndiyo yanayotajwa kuwa chimbuko la riwaya ya C. S. Forester, The African Queen (1935), ambayo John Huston aliigeuza filamu mwaka 1951. Katika riwaya wahusika wawili wa Kizungu wanashindwa kuizamisha meli ya Wajerumani. Katika filamu wanafaulu. Wapo wanaolilaumu badiliko hilo, kana kwamba uaminifu kwa kitabu ndio mzani pekee. Mimi silihesabu kosa. Kosa ni lile ambalo Huston hakulibadili: Waafrika wa kitabuni hawana kauli, na wa kwenye filamu vilevile.

Amil Shivji alipoichukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999, aliipunguza mno. Filamu yake, iliyooneshwa Toronto mwaka 2021, imeshikilia zaidi mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati za siri dhidi ya ukoloni Zanzibar ya miaka ya 1950. Mpenzi wa riwaya atasikitikia kurasa zilizoachwa. Lakini wanaozungumza ni Wazanzibari, kwa Kiswahili, na mambo ni yao.

Sisi wa Ruvuma tunayo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Hofu yangu ni kwamba atakayeipigia picha atavutwa na bunduki. Jukwaani vita haviwezi kuonekana kwa ukamilifu, kwa hiyo Hussein aliweka uzito katika hoja: nini humpata kiongozi pale imani aliyoianzisha inapomtoka mikononi? Filamu itakayotupa risasi bila swali hilo haitakuwa Kinjeketile tena, hata ikihifadhi kila jina. Ila ningeruhusu, hata ningedai, ivuke mipaka ya tamthilia na kufika Ungoni: kuchomwa kwa misheni ya Peramiho mwaka 1905, kunyongwa kwa nduna Songea Mbano na wenzake mwaka 1906, kisha njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuteketezwa.

Viongozi wetu wanapozungumzia filamu husifu mandhari. Tangu Royal Tour ya mwaka 2022 kila wilaya inataka kamera ije ipige picha vivutio vyake, na bila shaka ngoro za Wamatengo kwenye miteremko ya Mbinga zinapendeza sana. Mandhari haiandiki mswada.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ruhusa ya kugeuza kazi ni ya mwenye haki, naye anastahili malipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 nayo inataka mswada ukaguliwe kabla ya kupigwa picha. Utaratibu wa kukagua tunao. Wa kuugharimia mswada wenyewe ni dhaifu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo, na mkopo unaifaa filamu ya kuchekesha itakayouzwa haraka. Filamu ya Majimaji haiwezi kurejesha mkopo kwa kasi hiyo. Inahitaji ruzuku ya kununua haki na kumlipa mwandishi wa mswada kwa muda wa kutosha, ukiwamo muda wa kukaa Songea na Peramiho akiwasikiliza wazee wazungumzao Kingoni, kabla mtu yeyote hajaulizwa kamera itakodiwa wapi.