Kiwanja kisichojengwa, na nyumba zilizofungwa



Dominika iliyopita, baada ya Misa, vijana wetu walikuwa wakibishana juu ya mpira wa Uingereza. Mmoja akasema: «Kile kiwanja kipya cha Liverpool hakikujengwa kamwe. Basi, kimemdhuru nani?» Wengine wakacheka na kukubali. Mimi sikubali.

Sikilizeni mambo yalivyokuwa. Katika miaka ya 1990 klabu ya Liverpool ilikuwa ikinunua nyumba za jirani na kiwanja chake cha Anfield, ipate nafasi ya kukipanua. Mwaka 2002 ikageuza shauri: itahamia karibu tu, ndani ya bustani ya Stanley Park, katika kiwanja kipya cha watu 55,000. Mwaka 2007 wakaja matajiri wawili Wamarekani, Tom Hicks na George Gillett, wakainunua klabu. Gillett akatamka mbele ya watu kwamba jembe litaingia ardhini kabla ya siku 60 kupita. Siku 60! Sisi tunaojenga kikanisa cha matofali mabichi hatuthubutu kusema hivyo. Jembe halikuingia. Madeni yakawalemea, mwaka 2010 klabu ikauzwa, na Oktoba 2012 wenyeji wapya wakatangaza kwamba watabaki palepale Anfield.

Na zile nyumba? Hapo ndipo ninapogombana na kijana wetu. Muda wote wakubwa walipokuwa wakigeuza mashauri, nyumba walizonunua katika Lothair Road zilikaa tupu, madirisha yamezibwa. Nani apendaye kulea watoto kati ya nyumba zilizokufa? Watu wakahama. Mwishowe nyumba zikabomolewa, na Septemba 2016 jukwaa jipya, kubwa sana, likafunguliwa upande ule.

Wengi wetu tungemkumbuka yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, asiyehesabu gharama. Mimi namkumbuka zaidi Nabothi na shamba lake la mizabibu. Klabu haikumwua mtu, nayo ilinunua kwa fedha, sitaki kuisingizia. Lakini anayenunua nyumba ya jirani mmoja na kuiacha ioze, anamfukuza na jirani wa pili bila kumlipa kitu.

Dominika ijayo nitamwuliza kijana wetu: mama aliyebaki peke yake katika njia ile, kati ya milango iliyofungwa, aende kumdai nani?