Tusilikokote Gari la Zamani kwa Mnyororo

Wako watu wanaodhani ya kuwa gari la zamani, kwa kuwa bati lake ni nene, laweza kufungwa mnyororo popote na kukokotwa kama gogo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Tutazame Peugeot 404, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960. Gari la namna hii lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967, likiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa akikaa Tanzania. Yaliyosalia barabarani ni machache, na bampa lake la kung'aa likipindwa, si rahisi kupata jingine. Basi kwa nini mtu afunge mnyororo hapo? Bampa si mahali pa kuvutia gari, tena vyuma vinavyolishika huenda vimekwisha kuliwa na kutu.

Sisi tunaosoma fizikia twajua shida ya mnyororo: haunyumbuki. Gari la mbele likiondoka ghafula, kishindo chote huingia katika gari la nyuma. Kamba ya nailoni hunyumbuka, ikapunguza kishindo. Lakini ikikatika hurudi kwa nguvu za kutisha, hivyo watu wasisimame karibu.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni giaboksi. 404 huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Gari likivutwa injini imezimwa, magurudumu hayo huzungusha sehemu ya gia, lakini gia za chini, ambazo kazi yake ni kurusha oili juu, husimama. Kwa mwendo mfupi wa polepole si neno. Toka Morogoro mpaka Dar es Salaam ni kuliua gari! Lenye gia za otomatiki huharibika upesi zaidi, maana pampu yake ya oili huendeshwa na injini.

Najua nitaambiwa kukodi lori ni ghali. Ni kweli, lakini giaboksi ya gari lisilotengenezwa tena ni ghali kuliko lori, kama ikipatikana. Gari lipandishwe kwa winchi taratibu, kisha mikanda ifungwe juu ya matairi, isipitishwe juu ya bodi, ili springi zicheze bila kuivuta mikanda. Baada ya kilometa chache dereva asimame aikaze tena, kwani hulegea.