Tupime ng'ombe kabla ya kumlaumu nyati

Nataka kutoa maoni yangu juu ya kifua kikuu cha ng'ombe. Ugonjwa huu hauzungumzwi sana hapa nchini, ingawa unamhusu mfugaji, mnywaji wa maziwa, na hata mgeni anayekuja kuwatazama simba wetu.

Mimi ni mfugaji, na malisho yetu yanapakana na wanyama wa porini. Mara nyingi nawasikia wenzangu wakisema kwamba maradhi ya mifugo yote hutoka porini, na kwamba dawa ni kuwaondoa nyati na nyumbu. Yapo maradhi yatokayo huko kweli, kama ule unaoenezwa na nyumbu wakati wa kuzaa. Lakini katika kifua kikuu, mara nyingi ng'ombe ndiye aliyeupeleka ugonjwa porini.

Tutazame mfano wa Afrika Kusini. Mwaka 1990 nyati wa kusini mwa Hifadhi ya Kruger waligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Inaaminiwa kwamba miaka mingi nyuma walikipata kwa ng'ombe waliolishwa ng'ambo ya mto Crocodile. Kutoka kwa nyati ugonjwa uliwaingia simba wanaowala, pia chui, tandala na nyani. Ukaendelea kaskazini kundi kwa kundi, na mwaka 2008 ukaonekana kwa nyati wa Gonarezhou, Zimbabwe. Leo hakuna anayejua namna ya kuutoa huko bila kuangamiza nyati wenyewe.

Uingereza nayo inatufundisha. Huko mwenye kulaumiwa ni mnyama mmoja wa ukoo wa nyegere, aishiye mashimoni, ambaye aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1971. Serikali yao ilifanya jaribio kubwa kuanzia mwaka 1998, wakauawa wanyama hao karibu 11,000. Ilionekana kwamba ugonjwa ulipungua kwa ng'ombe wa ndani ya eneo la mauaji, lakini ukaongezeka kwa ng'ombe wa pembezoni, kwa sababu wanyama waliosalia walitawanyika na kwenda mbali na ugonjwa wao. Mwaka 2007 wataalamu waliosimamia jaribio hilo waliandika kwamba mauaji hayo hayawezi kuleta faida ya maana. Hata hivyo mwaka 2013 mauaji yalianza tena. Kufikia mwaka 2024, wakati serikali mpya ilipotangaza kwamba itayakomesha, wanyama zaidi ya 230,000 walikuwa wamekwisha kuuawa. Katika miaka kumi hiyo hiyo ng'ombe zaidi ya 278,000 walichinjwa kwa lazima. Tume nyingine ya wataalamu mwaka 2018 ilikuwa imeonya kwamba ni makosa kumsingizia mnyama wa porini kupita kiasi, na kuacha kusimamia ununuzi na uhamishaji wa ng'ombe.

Wako watakaouliza, mbona Australia walishinda? Ni kweli, walianza kampeni yao mwaka 1970 na mwaka 1997 wakatangaza kwamba wamemaliza. Lakini nyati waliouawa huko walikuwa wa kuletwa kutoka Asia, si wanyama wa asili ya nchi. Zaidi ya hayo, ng'ombe walipimwa, walioonekana wagonjwa machinjioni walifuatiliwa mpaka kwenye shamba walikotoka, na wenye mali walilipwa fidia. Sisi nyati wetu ni urithi wa Taifa, hivyo njia ya bunduki haitufai. Njia ya kupima, kufuatilia na kulipa fidia ndiyo ya kuiga.

Ndugu Mhariri, hapa kwetu bado tuna nafasi. Mwaka 2005 wataalamu walitoa taarifa kwamba vijidudu vya ugonjwa huu vilionekana kwa wanyama wachache wa kaskazini mwa nchi, wakiwemo nyumbu na nyamera. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe uko katika mazizi yetu. Tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, nao wanahamishwa kutoka mnada hadi mnada. Ng'ombe mwenye kifua kikuu anaweza kuonekana mzima kwa miezi mingi, huku akiambukiza wenzake zizini na kwenye maji.

Kipimo chake si cha ajabu. Mtaalamu humchoma ng'ombe sindano kwenye ngozi ya shingo, kisha hurudi baada ya siku tatu kuangalia kama pamevimba. Ugumu hauko katika sindano, uko katika siku ya tatu. Mfugaji anajua kwamba ng'ombe akionekana mgonjwa hatatibiwa, atachinjwa. Ikiwa hatalipwa chochote, basi usiku wa pili atamswaga ng'ombe huyo mnadani, na mnunuzi atapelekewa ugonjwa nyumbani. Kumlaumu mfugaji huyo kwamba hana uzalendo hakusaidii. Ng'ombe ndiye benki yake, ndiye karo ya watoto wake.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, upimaji uanzie vijiji vinavyopakana na hifadhi na mashamba ya ng'ombe wa maziwa karibu na miji, na usianze kabla fungu la fidia halijatengwa. Najua wako watakaosema kwamba Serikali haina fedha za nchi nzima. Sisemi nchi nzima kwa siku moja. Hata nyama ambayo mkaguzi ameipitisha inaweza kuuzwa, na Serikali ikaongeza tofauti ya bei tu.

Pili, machinjio yatumike kama macho yetu. Mkaguzi akikuta mapafu yenye vivimbe, asiishie kuyatupa shimoni, bali iulizwe ng'ombe huyo ametoka boma gani. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tunayo tangu mwaka 2010. Hereni ya sikioni isiwe pambo, iwe njia ya kurudi kwenye zizi.

Tatu, wafugaji tuchimbiwe malambo nje ya hifadhi. Wakati wa ukame ng'ombe na nyati hukutana kwenye maji yale yale. Kumfukuza mfugaji bila kumwonyesha maji mengine ni kumwambia arudi usiku.

Kwa upande wetu wananchi, tuchemshe maziwa, hata yale ya kugandisha mtindi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine yalitoa mwongozo wa pamoja juu ya kifua kikuu kinachotoka kwa wanyama. Binadamu akikipata kwa ng'ombe, moja ya dawa za kawaida za kifua kikuu, pyrazinamide, haifanyi kazi juu ya vijidudu hivyo, na mara nyingi hospitali haina njia ya kutambua kwamba ni vya ng'ombe. Sufuria ya kuchemshia haigharimu kitu kikubwa kuliko mtoto.

Wizara zinazohusika na mifugo, maliasili na afya zikae meza moja, maana vijidudu havijui mpaka wa wizara. Tukingoja mpaka simba wa Serengeti waanze kukonda, hatutakuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe.

Mfugaji,
Monduli.