Mtihani wa Java na Hasara ya Kukariri Majibu

Miongoni mwa mambo yanayotusikitisha ni kuwaona vijana wenye akili na bidii wakijitayarisha kwa mtihani wa cheti cha lugha ya Java kwa kukariri rundo la maswali na majibu yaliyovuja, ambayo wameyanunua kwa siri na kuyatoa kopi steshenari. Tumekaa na baadhi yao. Mmoja alikuwa amekwisha kukariri maswali zaidi ya mia tatu, na ukimsomea nusu ya swali alikutajia herufi ya jibu kabla hujamaliza. Tukambadilishia namba moja tu ndani ya swali. Akataja herufi ile ile.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Katika Java, namba 127 ikipewa majina mawili ya aina ya Integer, kisha majina hayo yakalinganishwa kwa alama ya ==, jibu ni kwamba ni sawa. Sisi tuliandika 128 mahali pa 127, na hapo jibu hugeuka. Sababu ni kwamba Java, kwa mpangilio wake wa kawaida, imeziweka tayari namba za kuanzia -128 hadi 127, na kila anayeihitaji mojawapo hupewa kitu kile kile; nje ya mipaka hiyo hutengenezwa kitu kipya. Nayo alama ya ==, kwa vitu vya namna hii, haiulizi kama thamani zinalingana, bali huuliza kama ni kitu kimoja chenyewe. Anayetaka kulinganisha thamani hutumia equals. Kijana yule hakuwa mvivu hata kidogo, kwani kwa wiki nyingi aliamka alfajiri kusoma. Lakini jambo hili moja, ambalo lingemfungulia maswali kumi mengine, hakulijua, maana karatasi zile zilimpa herufi bila sababu.

Tuutazame mtihani wenyewe. Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, na baada ya Oracle kuinunua Sun mwaka 2010, vyeti vyake vikawa vinatolewa kwa jina la Oracle. Chukua mfano wa mtihani wa Java SE 17 kama ulivyotangazwa: maswali 50, dakika 90, na kufaulu ni asilimia 68, yaani majibu sahihi 34. Takwimu hizi hubadilishwa toleo hadi toleo, hivyo mtahiniwa azihakikishe kabla ya kulipa. Lililo muhimu ni kwamba kwa kila swali ana chini ya dakika mbili za kusoma kipande cha programu na kusema kitatoa nini. Mara nyingine jibu la haki ni kwamba programu hiyo haitakubaliwa kabisa na kompaila. Na ndani ya chumba cha mtihani hakuna ule mstari mwekundu unaochorwa chini ya kosa na programu za kisasa za kuandikia.

Basi, ikiwa mtihani unapima uwezo wa kutabiri, mazoezi nayo yawe ya kutabiri. Sisi tunashauri hivi. Andika programu fupi ya mistari kumi au kumi na tano kwa programu nyepesi ya maandishi isiyokuonya chochote. Kabla ya kuiendesha, andika katika daftari unadhani itatoa nini, na kwa nini. Kisha iendeshe. Ukiwa umepatia, badilisha neno moja na utabiri tena. Ukiwa umekosea, hapo ndipo penye faida: usiende mbele mpaka uweze kumweleza mwenzako, kwa maneno yako, kwa nini kompyuta ilifanya vile. Tangu toleo la 9 la mwaka 2017, Java ina chombo kiitwacho JShell, ambacho hukuwezesha kujaribu mstari mmoja mmoja bila kuandika programu nzima, nacho kinafaa sana kwa kazi hii. Daftari la makosa yako litakuwa na thamani kuliko kitabu chochote, kwa kuwa hakuna mwandishi anayejua wapi wewe hujikwaa.

Wapo watakaosema kwamba hawana kompyuta, au umeme hukatika. Tunawaelewa, na tunawaambia kwamba nusu ya kazi hii hufanyika kwa kalamu. Chora jedwali, andika kila jina na thamani yake, fuata mzunguko wa programu hatua kwa hatua ukifuta na kuandika upya. Siku utakapoipata mashine kwa saa moja, utakuwa na majibu ishirini ya kuhakikisha badala ya kuanza kufikiri.

Wengine hutujibu kwamba mitihani hii ni biashara tu, na mwajiri anachotaka ni karatasi. Kuhusu biashara hatubishani nao sana. Ada yenyewe kwa bei ya Marekani imekuwa zaidi ya dola 200, na mada za mtihani hutangazwa bure kwa yeyote, kama vile Java yenyewe inavyopatikana bure kwa kupitia OpenJDK. Lakini maswali yaliyovuja ni mali iliyoibwa, na mtahiniwa huahidi kabla ya kuanza kwamba hatayatoa wala kuyatumia. Akigundulika, cheti chaweza kufutwa. Asipogundulika, waajiri wengi siku hizi humweka mwombaji mbele ya mashine na kumwambia aandike, na huko hakuna herufi za kuchagua.

Kuhusu tarehe, vijana wengi huilipia kwanza ili hofu iwasukume kusoma. Sisi hatuoni hivyo, hasa kwa mtu ambaye ada hiyo ameichanga kwa miezi. Fanya kwanza jaribio zima la dakika 90, kwa maswali ya halali ambayo hujawahi kuyaona, ukiwa na saa mbele yako. Ukipata zaidi ya 40 kati ya 50 mara mbili mfululizo, na kila ulilokosa ukaweza kulieleza, lipia.